Tex Murphy: sijawahi kukasirishwa hivi na gemu ninayoipenda

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha niandike. Overseer, gemu ya kompyuta ya mwaka 1998 kwenye mfululizo wa mpelelezi Tex Murphy, haina mwisho. Sisemi kwamba ina mwisho mbaya. Haina. Umekaa ukimsikiliza Tex akimsimulia Chelsee, dada anayempenda, kesi yake ya kwanza, umepekua madroo ya watu, umeumiza kichwa kwa mafumbo, umevumilia utani wake. Kesi imefungwa, wawili hao wako ndani ya gari lao linaloruka angani, na unaanza kuamini kwamba huyu bwana asiye na bahati na wanawake leo mambo yatamnyookea. Ghafla wanashambuliwa. Basi. Majina ya waigizaji hayo, yanapanda.

Nilirudi pale nilipoiseva mara ya mwisho nikacheza upya, labda kuna mlango niliouruka, labda kuna jibu la kumpa Chelsee ambalo lingebadilisha mambo. Hakuna. Walikata makusudi wakijua kuna nyingine inakuja, halafu nyingine haikuja. Studio yao, Access Software ya Salt Lake City, ikanunuliwa na kampuni kubwa mwaka 1999, na Tex akaachwa hewani. Kihalisi kabisa, hewani.

Kwa asiyemjua: Tex ni mpelelezi binafsi wa karne ya 21, kofia ya pama na koti refu, bili hazilipiki. Anaishi hotelini Chandler Avenue, kwenye San Francisco ya zamani, ile iliyobaki baada ya Vita vya Tatu vya Dunia. Majirani zake wengi ni watu ambao mionzi iliwabadilisha maumbile, na wale waliobaki wazima wanawadharau. Anajiona chuma, lakini ukiishi naye kidogo unagundua ni mtu laini anayeigiza ugumu. Na anaigiza vibaya! Ndiyo raha yenyewe. Anayemcheza ni Chris Jones, mmoja wa watengenezaji wa gemu zenyewe, sura yake halisi mbele ya kamera, akipambana na waigizaji wa kulipwa. Ile Under a Killing Moon ya 1994 ina hadi sauti ya mwigizaji maarufu James Earl Jones ikizungumza kutoka mbinguni. Nilicheka peke yangu chumbani.

Kinachoniuma ni Chelsee. Huyu dada ana kibanda cha magazeti mtaani kwa Tex, na kila ukipita mnaongea. Gemu haikuonyeshi maneno kamili utakayosema, inakupa kidokezo tu cha namna ya kujibu, unachagua, kisha Tex anafungua mdomo na kusema jambo la kijinga kuliko ulivyokusudia. Kwenye The Pandora Directive ya 1996 majibu hayo yana uzito kweli: yanakupeleka kwenye njia moja kati ya tatu, na namna unavyomtendea Chelsee ni sehemu ya hesabu. Mimi nilimtendea vizuri. Nilijizuia pale ambapo jibu la kejeli lilikuwa tamu sana. Kwa hiyo usiniambie ni hadithi tu. Ule usiku wa Overseer niliufanyia kazi.

Na mimi nina nafuu. Nilizinunua zote kwa mkupuo miezi kadhaa iliyopita, zikiwa zimeshuka bei, kwa hiyo kusubiri kwangu kulikuwa kwa usiku mmoja. Walioinunua 1998 walisubiri hadi Mei 2014, ilipotoka inayofuata, Tesla Effect. Miaka 16! Katikati walitupiwa tamthilia ya kusikiliza kwa masikio, halafu mwaka 2012 wakaombwa wachangie wenyewe kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, ili gemu inayofuata itengenezwe. Wakachanga. Ningekuwa mmoja wao sijui kama ningetoa hata senti, au ningetoa halafu niwaandikie barua ya matusi.

Haya, nikafungua hiyo Tesla Effect nikiwa na kiu ya jibu. Tex anaamka ana jeraha kichwani na hakumbuki lolote la miaka saba iliyopita. Kumbukumbu yake inakomea usiku uleule na Chelsee. Nilisukuma kiti nikasimama. Yaani mmetuacha kwenye risasi, kisha mnarudi na kutuambia mhusika naye hajui kilichotokea? Nikaipa nyota mbili kichwani mwangu, na moja nilikuwa naifikiria kuipunguza.

Lakini nikaendelea, kwa ubishi tu. Na hapo ndipo waliponishika. Unatembea mtaa uleule, unasalimia watu uliowazoea, na wanakutazama kwa chuki. Wanakuambia mambo uliyoyafanya katika miaka hiyo saba, mambo machafu, na Tex anasikiliza kama anayesomewa mashtaka ya mtu mwingine. Anauliza habari za Chelsee na hakuna anayemjibu vizuri. Sura inayouliza ni ya Chris Jones yuleyule, amezeeka kweli, mashavu yameshuka, hakuna vipodozi vya kumzeesha vilivyohitajika. Hapo nilinyamaza. Jamaa ambaye gemu zote nilimcheka kwa kuigiza vibaya aliniliza, au karibu.

Kwa hiyo nyota nne. Tano, kama mtu atacheza kuanzia Under a Killing Moon na kufuata mwaka kwa mwaka, maana ukiingia Tesla Effect bila kumjua Chelsee utaona mzee mwenye kofia anahangaika tu. Mafumbo mengine ni ya kuchosha. Tumia vidokezo bila aibu, viliwekwa kwa ajili hiyo.

Overseer yenyewe, nikiitazama peke yake, bado naipa mbili. Hapana, tatu, kesi ni nzuri. Ila usiimalize kabla Tesla Effect haijawa tayari kwenye kompyuta yako, imepakuliwa yote, maana mimi niliimaliza usiku wa manane na kupakua kukachukua hadi asubuhi.