Bunduki ya kuwindia kwa mwenye mashoto: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Mwenye mashoto akiingia duka la silaha huambiwa neno lilelile: "Chukua hii tu, utazoea." Na kweli wapo waliozoea. Wanakoki bunduki za kulia tangu ujana na swala wanaanguka. Lakini kuzoea si sawa na kufaa, na kama ndiyo kwanza unatoa fedha zako, hakuna sababu ya kununua usumbufu.

Tunazungumzia bunduki za kukoki kwa mkono, zile ambazo kila ukifyatua unainua mkono wa chuma, unauvuta nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele na kuukandamiza chini. Kwa kawaida mkono huo uko kulia. Wewe unafyatua kwa kushoto, kwa hiyo unalazimika kuachia kitako, kupitisha mkono juu ya darubini, kukoki, kisha kurudi kumtafuta mnyama ambaye sasa amehama. Kwa risasi moja juu ya gunia la mchanga hutaona tofauti. Kwa risasi ya pili, nyati akiwa amejeruhiwa, utaiona.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kitako kikiwa bega la kushoto, uso wako unakaa upande wa kulia wa bunduki, upande uleule wa tundu la kutolea maganda. Ganda likipasuka ndani, moshi na gesi ya moto inakuja upande wako. Kama kwa sasa unatumia ya kulia, vaa miwani.

Kabla ya fedha, pima jicho. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja uache tundu dogo katikati, tazama mti wa mbali kupitia hapo kwa macho yote mawili. Sasa funga jicho moja moja. Jicho ambalo ukilifunga mti unapotea, ndilo linaloongoza. Wapo wanaoandika na kula kwa kushoto lakini jicho lao ni la kulia. Hao nawashauri wajifunze bega la kulia na wafunge ukurasa huu. Soko zima ni lao.

Waliobaki, anzeni na risasi, bunduki ifuate. Bunduki za kushoto, yaani zenye mkono wa kukoki upande wa kushoto, hutengenezwa kwa kaliba (ukubwa na aina ya risasi) chache kuliko za kulia, na mtu hujikuta anashawishika na kaliba ya mtindo kwa sababu tu ndiyo iliyopo kwa kushoto. Kwa Tanzania mimi nisingetoka kwenye .308 au .30-06 kwa pongo, ngiri, kongoni hadi pofu, na .375 H&H Magnum kwa nyati, ambaye kiwango chake cha chini ni hiyo .375. Muulize muuza risasi wa mji wako ana nini leo kwenye rafu, si anachoweza kuagiza. Na kibali cha polisi kinatangulia malipo. Sheria ya silaha ya 2015 haina utani. (Msomaji wa Kenya, uwindaji kwako umefungwa tangu 1977, kwa hiyo haya ni ya uwanja wa shabaha au safari ya nje.)

Ya kwanza: Tikka T3x Lite. Inatoka Finland, kwa Sako. Ya kushoto ni ya kushoto kweli: mkono, tundu la maganda na sefti (kitufe cha usalama kinachozuia bunduki kufyatuka) vyote vimehamishwa. Mkono unainuka nyuzi 70 tu badala ya 90 za bunduki nyingi za zamani, kwa hiyo vidole haviparuzi darubini, na unateleza kana kwamba umepakwa mafuta. Kasoro yake ni ileile inayoipendezesha: ina uzito wa karibu kilo 3, na katika .30-06 teke lake utalikumbuka kesho yake. Chukua ya .308, na mpira wa kitako usiuondoe.

Ya pili: Savage 110. Wamarekani hawa walitoa 110 mwaka 1958, na mwaka uliofuata wakatoa ya kushoto, wakati viwanda vingi havikutaka hata kusikia. Sefti iko juu, nyuma ya mkono wa kukoki, chini ya dole gumba. Haijali unatumia mkono gani. Nguvu inayotakiwa kuvuta kifyatulio unaweza kuirekebisha mwenyewe. Kukoki kwake ni kukavu zaidi kuliko Tikka, lakini shabaha haina ubishi na bei ni rafiki.

Ya tatu: Browning X-Bolt. Nzuri kuliko zote kwa macho, na mkono wake unainuka nyuzi 60. Pale mkono unapoungana na mwili kuna kitufe kidogo: ukikibonyeza unafungua na kutoa risasi huku sefti ikiwa imefungwa. Unaporudi kwenye gari lenye watu, kitufe hicho kina thamani kubwa. Imeshuka hadi ya tatu kwa sababu ya bei peke yake.

Ruger American ni ya mwenye fedha kidogo. Kitako ni plastiki nyepesi inayopinda ukiibana, lakini inapiga panapotakiwa. Basi.

Kwa nyati mambo yanabadilika, maana .375 za kushoto za bei ya kawaida ni adimu. Ruger ametengeneza Hawkeye za kushoto, ila kwa .375 Ruger, ambayo si .375 H&H, na risasi zao haziingiliani. Usikubali muuzaji akuambie "ni .375 tu." Mwenye uwezo aangalie Blaser R8 ya Ujerumani: haiinuliwi mkono, unavuta na kusukuma moja kwa moja, na mitutu ya kaliba tofauti inabadilishwa kwenye kitako kimoja. Ni ghali sana. Wawindaji bingwa wengine hukwepa suala lote kwa kutumia bunduki ya mitutu miwili, ambayo inafunguka katikati ili kuingiza risasi na haina upande, ingawa kitako chake nacho huweza kuwa kimepindishwa kidogo kumfaa mtu wa kulia.

Ukinunua iliyotumika, ikoki mwenyewe kabla ya kutoa senti. Zipo bunduki zinazoitwa "za kushoto" kwa sababu tu kitako kimechongwa shavu upande wa pili. Tundu bado liko kulia. Na siku unayoagiza, agiza hapohapo magazini ya ziada na pini ya kufyatulia, kwa sababu vipuri vya kushoto fundi wa mjini hana.