Ekstensheni ya mita 30 iliyoyeyusha soketi, na muuzaji aliyeniambia umeme hauchoki njiani

Nimeipa nyota mbili, tena kwa shingo upande. Moja ni ya gurudumu lake la kuviringishia waya: linazunguka vizuri, mpini hautikisiki, na miguu ya chuma inasimama imara hata kwenye ardhi ya mabondemabonde. Nyingine ni kwa sababu nyumba haikuungua. Msinielewe vibaya, nyumba kutoungua si sifa ya ekstensheni hii. Nilikuwa karibu nayo, basi.

Niliinunua miezi kadhaa iliyopita kwa ajili ya msumeno wa umeme wa kushika mkononi. Sikununua kwa kubahatisha. Nilimweleza muuzaji kila kitu: msumeno ni wa wati 2,200, kazi iko nje, soketi iko mbali, na nitakata mbao nene kwa saa nyingi. Akaniletea hii, akapigapiga gurudumu kwa kiganja. "Bosi, hii inabeba kila kitu. Ampea 13, soma mwenyewe." Nikamuuliza kama mita 30 hazitapunguza nguvu. Akacheka, akamgeukia kijana wake, halafu akaniambia, "Umeme ni umeme. Hauchoki njiani."

Unachoka, ndugu zangu. Kila mita ya waya ina ukinzani wake, yaani inauzuia umeme kidogo, na umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita 30 za ekstensheni ni mita 60 za shaba. Waya wa milimita za mraba 0.75 una ukinzani wa takribani ohmu 26 kwa kilomita. Fanya hesabu: kwa mita 60 ni zaidi kidogo ya ohmu moja na nusu. Msumeno wa wati 2,200 kwenye umeme wa volti 230 unavuta karibu ampea 10. Zidisha, na karibu volti 15 zimepotelea njiani kabla ya kufika kwenye mashine. Hazikwenda peponi hizo volti. Zimekuwa joto, zaidi ya wati 140 za joto, ndani ya waya uliolala kwenye majani makavu na vumbi la mbao.

Naitaja 0.75 kwa makusudi, nitafika huko.

Siku ya tukio nilikuwa nimeukunjua waya wote hadi mwisho. Nasema hivi kwa sababu swali la kwanza la kila mtu ni hilo, na ni swali la haki. Waya ukibaki umeviringishwa kwenye gurudumu, joto la mzunguko mmoja linapasha mwingine na halina pa kutokea. Ndiyo maana magurudumu mengi huandikwa namba mbili: ndogo, pengine ampea 3 au 5, kwa waya uliokunjwa, na 13 kwa uliokunjuliwa. Wangu ulikuwa umekunjuliwa. Haukugusana hata mahali pamoja.

Msumeno ulianza kulegea. Sauti yake ikashuka katikati ya ubao, ile sauti ya mota inayolazimishwa. Nikadhani meno yamechoka, nikabadilisha diski. Ikawa vilevile. Nilipoinama kuchomoa plagi, haikutoka. Soketi ya ekstensheni ilikuwa imeishika. Plastiki kuzunguka tundu moja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, imevimba ukingoni, na utando mwembamba umeganda kwenye pini ya plagi yangu. Waya wenyewe, sehemu ya karibu na soketi, ulikuwa umelegea kama mpira uliochemshwa. Nilipoushika niliuachia papo hapo.

Na fyuzi? Nzima. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi haikukatika wala isingekatika, kwa sababu msumeno ulikuwa unavuta karibu 10. Fyuzi haijui kwamba waya unaoifuata ni mwembamba. Inahesabu mkondo tu. Kile kitufe chekundu cha kujizima kikizidi joto, ambacho muuzaji alinionyesha kwa majivuno, nacho kilikaa kimya, maana kimo ndani ya gurudumu na joto lilikuwa upande wa soketi.

Jioni nikaifungua. Kwenye ganda la nje imechapwa wazi, kila baada ya hatua moja: H05VV-F 3G1.5. Hiyo 3G1.5 maana yake ni nyaya tatu ndani, mmoja wa ardhi wenye rangi ya kijani na njano, kila mmoja milimita za mraba 1.5. Nikamenya sentimita chache na kuhesabu nyuzi. Waya halali wa 1.5 kwa kawaida una nyuzi kama 30 za unene wa robo milimita. Hapa zilikuwa 24, na kila nilipozipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, zilisoma milimita 0.2. Piga hesabu ya eneo: 0.75. Nusu kamili ya kilichoandikwa. Ganda limefanywa nene ili kwa macho na kwa mkono uonekane waya wa maana.

Nilikwangua nyuzi kwa kisu nikitegemea kukuta rangi ya fedha ndani, kwa sababu siku hizi kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa takribani asilimia 60 tu ya shaba. Haikuwa hivyo. Ni shaba mpaka katikati. Hilo nawapa haki yao.

Nikarudi dukani na ekstensheni, kalipa na kipande nilichomenya. Hapa ndipo nilipovurugwa kabisa, na hadi leo nikikumbuka damu inapanda. Sikupiga kelele. Nilisalimia, nikaweka vitu juu ya meza, nikamwomba aangalie. Hakuangalia. Alisema, mbele ya wateja, "Umeizidishia mzigo wewe. Mbona wengine hawajalalamika?" Nikamkumbusha kwamba nilimtajia wati za msumeno kabla ya kulipa. Akageuza plagi, akaweka kidole kwenye ile 13. "Imeandikwa hapa. Kwani wewe ni fundi umeme?"

Nilimwonyesha nyuzi. Akazisukuma pembeni kwa mkono, zikaanguka chini.

Sihitaji kuwa fundi umeme kujua kwamba namba iliyo kwenye plagi ni ya plagi. Plagi ya ampea 13 inaweza kufungwa kwenye waya wowote, hata uzi wa taa ya mezani. Uwezo wa waya unatokana na unene wake, na viwango vinajulikana: waya laini wa 0.75 ni ampea 6, wa 1.0 ni 10, wa 1.25 ni 13, wa 1.5 ni 16, wa 2.5 ni 25. Mimi niliuziwa wa 6 kwa jina la 16, nikaupitishia karibu 10. Joto halipandi kwa kulingana na mkondo, linapanda kwa mraba wake. Mkondo ukifika mara moja na nusu, joto limeshapita mara mbili. Halafu lile joto linalegeza chuma cha ndani ya soketi kinachobana pini, mbano ukilegea ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka tena, mpaka plastiki inashindwa. Hakuna mzigo niliozidisha. Kilichozidishwa ni maandishi.

Nilitaka kumalizia kwa kusema kwamba kwa kazi ndogo inafaa. Na kweli, ukiichukua kama waya wa 0.75, taa kadhaa, redio na chaja za simu itabeba bila shida. Nilikuwa nimeshaandika sentensi hiyo. Lakini nani atakaa analinda? Ekstensheni ikiwa ndani ya nyumba, leo ni taa, kesho mtu anachomeka pasi, keshokutwa birika au hita, na kila mmoja atasoma 1.5 kwenye waya na 13 kwenye plagi na kuamini, kama alivyo na haki ya kuamini. Kwenye nchi zenye umeme wa volti 120 ni mbaya zaidi, maana wati zilezile zinavuta karibu mara mbili ya mkondo. Hapana. Msiinunue hata kwa taa. Zile nyota mbili nazifuta, naacha moja kwa sababu fomu hainiruhusu kuweka sufuri.

Sasa nafanya kazi kwa waya niliokatiwa kwa mita, wa mpira, 2.5, na kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji mwingine aumenye ncha nihesabu nyuzi. Alinimenyea bila neno, hata akaniazima kisu. Nikapima umbali halisi kutoka kwenye soketi hadi kwenye meza ya kazi, nikakuta mita 15 zinatosha kabisa. Zile 30 nilizishikilia kwa kudhani urefu ni faida. Kila mita usiyoihitaji unailipia kwa volti. Kwa urefu huu na unene huu, kinachopotea ni volti mbili na kidogo, na msumeno unapita kwenye mbao zilezile bila kuguna. Na kama ningelazimika kubaki na mita 30, 2.5 ingepoteza chini ya volti 5. Ule wa 1.5, ungekuwa wa kweli, ungepoteza karibu 8, ambazo mota inaweza kuvumilia.

Wenye kompresa, pampu au friji, jihadharini zaidi yangu. Mota za aina hiyo huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida zinapoanza kuzunguka, na volti zikishuka wakati huo mota inabaki inavuma bila kuzunguka, ikivuta mkondo mkubwa huku inajichoma. Ukisikia mvumo huo kwenye ekstensheni ndefu, zima kwanza. Usisubiri ijaribu tena.

Hela yangu hadi sasa haijarudishwa. Nimepeleka malalamiko kwa maandishi pamoja na picha za soketi, za maandishi ya kwenye ganda na za nyuzi zikiwa kwenye kalipa, na kile kipande nilichomenya nimekihifadhi. Mwenye ekstensheni ya gurudumu la namna hii amenye sentimita mbili ahesabu kabla ya kuchomeka kitu chochote cha joto au chenye mota.