Hematoksilini na eosini, au rangi ya kung'aa? Kumtafuta mnyoo katika tishu ya pafu

Maabara ya patholojia mjini Kisumu ikipokea kipande cha pafu chenye kivimbe cha mviringo, ambacho kwenye eksirei kilidhaniwa kuwa saratani au kifua kikuu lakini huenda kina mnyoo, huanza na hematoksilini na eosini, rangi mbili za kawaida za kupaka tishu, na kwa maoni yangu ndivyo ipasavyo. Rangi hizo ni za bei nafuu, slaidi yake hudumu miaka mingi, na huonyesha jinsi mwili ulivyoitikia: eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), tishu iliyokufa, mshipa ulioziba. Udhaifu wake hujitokeza mnyoo akishakufa, kama ilivyo kwa Dirofilaria immitis, mnyoo wa moyo wa mbwa anayeenezwa na mbu, kwa kuwa mabaki yake hufifia ndani ya tishu iliyokufa.

Hapo ndipo kalikofluori, rangi ya jamii ya ving'arishaji vya nguo, inapofaa. Mabaki ya mnyoo hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, hivyo jicho huyafikia upesi. Hata hivyo rangi hii haichagui: kuvu na nyuzi za pamba hung'aa vilevile, kwa hiyo umbo ndilo linaloamua. Tena hadubini ya kupimia makohozi kwa auramini, rangi ya kung'aa ya kutafutia kifua kikuu, kwa kawaida hutumia mwanga wa buluu, ambao haufai kwa kalikofluori. Kabla ya kununua rangi, kagua kwanza taa na vichujio.

Kwa mayai ya Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho kinachowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria, ningechagua Ziehl-Neelsen, njia ya kupaka rangi nyekundu inayotumika pia kwa vijidudu vya kifua kikuu, kwa sababu ganda la mayai hayo hushika wekundu.