Makaburi mawili ya bonde la Tuul: jina au rangi?

Karibu na mto Tuul, katikati ya Mongolia, yako makaburi mawili ya karne ya 7, ya wakuu wa wafugaji wa kuhamahama. Shoroon Dov lilichimbwa mwaka 2009, Shoroon Bumbagar mwaka 2011. Yote mawili yamejengwa kwa mtindo wa Tang, nasaba iliyotawala China wakati huo: njia ndefu inayoteremka ardhini, kisha chumba cha maiti.

La kwanza lilikwishaporwa zamani, lakini wezi waliacha kitu chenye thamani kuliko dhahabu: bamba la jiwe lenye maandishi ya Kichina. Linamtaja Pugu Yitu, mkuu wa kabila la Pugu aliyefariki mwaka 678 akiwa na cheo alichopewa na Tang.

La pili halina jina lolote. Ila shuka nalo njia ile: ukutani joka upande mmoja, chui milia upande wa pili, halafu watumishi na farasi, rangi bado imeshika. Ndani kulikuwa na sanamu ndogo za udongo na mbao, na sarafu za dhahabu zilizoiga zile za Bizanti, yaani milki ya Warumi wa mashariki. Marehemu mwenyewe alikuwa amechomwa moto, desturi ya Waturuki wa kale wa nyika za Asia, wakati wakubwa wa Tang walizikwa mwili mzima.

Mimi nachagua Bumbagar. Jiwe la Pugu Yitu linatuambia ikulu ya Tang ilimwonaje mtu wake wa mpakani. Majivu ya Bumbagar yanaonyesha jamaa za marehemu yule walivyomuaga.