Kurekodi Gitaa la Besi kwa Modela ya Amplifaya: Uzoefu Wangu

Besi zangu zote siku hizi nazirekodi kupitia modela ya kukanyagia, yaani kile kifaa cha kidijitali kinacholazwa sakafuni, kikaiga amplifaya, kabati la spika na maikrofoni kwa pamoja, kisha kikapeleka sauti kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mpiga besi anayejirekodi mwenyewe katika chumba cha kawaida, kifaa hiki kinafaa kuliko amplifaya halisi, ila kwa sharti kwamba sauti kavu ya gitaa, yaani ile isiyopita kwenye amplifaya ya kuigiza, irekodiwe kila mara kwenye traki yake ya pembeni.

Faida yake kubwa inatokana na maumbile ya besi yenyewe. Waya mnene wa besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa noti ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 41 hivi, na mawimbi marefu kiasi hicho hayatulii katika chumba kidogo: kwenye kona yanavimba, ukisogea hatua mbili yanapotea, na maikrofoni hunasa kasoro za chumba pamoja na muziki. Isitoshe, amplifaya kama Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na wati 300 na ambayo wengi huijua ikiwa juu ya kabati la spika nane za inchi 10, huanza kuwa tamu pale inapofunguliwa kwa nguvu, na sidhani kama yupo jirani wa kuvumilia utamu huo usiku. Modela hunipa sauti ya aina hiyo ndani ya hedifoni.

Je, inafanana na ya kweli? Kwa besi, nathubutu kusema inafanana vya kutosha. Mfano wa SVT ulio ndani ya kifaa changu unaitikia mguso: nikipiga kwa ulaini sauti inabaki safi, nikikaza vidole mkwaruzo unaingia polepole katika sehemu ya kati, bila kukatika ghafla. Kwa nyimbo za taratibu napenda zaidi mfano wa B-15, ile amplifaya ndogo ambayo Ampeg waliitoa mwaka 1960, hasa nikiwa nimefunga nyuzi bapa, zile zenye uso laini.

Panaponiudhi ni kwenye kabati. Modela huiga kabati kwa kutumia faili fupi lililonasa jinsi spika na maikrofoni zilivyoitikia mlio mmoja, na urefu wa faili hilo huhesabiwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa mfululizo. Faili la sampuli 1024, katika kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, lina urefu wa milisekunde 21 hivi, ilhali wimbi moja tu la hezi 41 linahitaji milisekunde 24 kukamilika. Kwa gitaa la kawaida ufupi huo hausumbui. Kwa besi, sehemu ya chini inakosa uzito na umbo, na mtu anaanza kuongeza sauti za chini kwenye ekwalaiza akitafuta kitu ambacho faili halikukibeba. Nilipohamia faili za sampuli 2048 tofauti ilisikika wazi kwenye waya mnene, ingawa kifaa changu kikifanya hivyo kinapunguza nafasi ya efekti nyingine, jambo ambalo maelezo ya mtengenezaji yanalitaja kwa aibu.

Sauti zilizopangwa kiwandani nazipita haraka. Zimepambwa ili zimvutie anayejaribu kifaa akiwa peke yake: chini zimejaa, juu zinametameta, na ukiziweka pamoja na ngoma zinagombana na kiki (ngoma kubwa ya mguu) huku katikati pakiwa patupu. Mimi huanza na amplifaya na kabati tu, nikakata kila kilicho chini ya hezi 30 au 35, na kompresa, ile ya kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, naiacha hadi wakati wa kuchanganya.

Sasa nirudi kwenye sauti kavu, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kurekodi besi bila amplifaya si ubunifu wa kidijitali. Motown kule Detroit walikuwa wakiichomeka besi moja kwa moja kwenye mitambo ya studio tangu miaka ya 1960. Modela yangu hutuma traki mbili kwa wakati mmoja, moja ikiwa imepita kwenye amplifaya ya kuigiza na nyingine ikiwa kama ilivyotoka kwenye gitaa. Ile kavu naiachia kazi ya kubeba chini, safi na imara. Ile ya amplifaya naikata chini ya hezi 150 au 200 na kuiacha ikwaruze, kwa kuwa spika ya simu haiwezi kutoa hezi 41, na msikilizaji wa simu huitambua noti kwa zile sauti za juu yake ambazo mkwaruzo huzikuza.

Tatizo ni kwamba traki hizo mbili hazifiki pamoja. Kifaa kinahitaji muda wa kukokotoa, na ucheleweshaji wa milisekunde 2 tu unatosha kuifanya sauti ya hezi 250 ijifute yenyewe pale traki zinapojumlishwa zikiwa na nguvu sawa. Dalili yake ni besi inayosikika nene kila traki ikiwa peke yake, kisha ikawa nyembamba zikiungana. Dawa ni kukuza picha ya wimbi kwenye programu hadi uone mwanzo wa noti moja iliyopigwa kwa ukali, uhesabu sampuli zinazotenganisha traki, kisha uivute iliyochelewa hadi zilingane. Kwa kasi ya 48,000, milisekunde 2 ni sampuli 96. Kugeuza polariti, yaani kupindua wimbi juu chini, peke yake hakutoshi, kwa sababu pengo ni la muda. Programu nyingi husawazisha ucheleweshaji wa plagini (programu ndogo za efekti) zake zenyewe, lakini haziwezi kujua kilichotokea ndani ya kifaa cha nje kabla sauti haijaingia.

Kuhusu viwango sina mengi: vilele vikiwa karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, katika biti 24, hakuna kinachopotea. Tundu la hedifoni ni dhaifu, na hedifoni zenye ukinzani mkubwa hazipati nguvu. La kuchukiza zaidi ni kwamba sasisho moja la programu lilibadilisha sauti ya amplifaya niliyokuwa nimeizoea, bila onyo lolote. Nyimbo zilizokuwa njiani ziliokolewa na traki kavu, ambazo nilizipitisha upya kwenye kifaa. Tangu hapo sisasishi chochote mpaka albamu iliyo mkononi iwe imekamilika, na toleo la programu ya kifaa naliandika kwenye jina la faili la kila wimbo.