Tofali la kifusi na mkonge: linafaa ukutani, msingini hapana

Tofali hili la inchi 6, linalofyatuliwa kwenye karakana moja pembeni ya Barabara ya Pangani, Tanga, halina mchanga wa mtoni. Ni kifusi cha nyumba zilizobomolewa, kilichosagwa na kuchekechwa hadi punje zisizozidi milimita 5, kikachanganywa na saruji, majivu ya pumba za mpunga na nyuzi fupi za mkonge, yale mabaki ya korona, mashine ya kuchakata mkonge.

Kilicho cha maana zaidi humo ni majivu. Saruji inapokamata hutoa chokaa, na ukali wa chokaa hiyo hula nyuzi polepole hadi zinakatika. Majivu huimeza. Lakini lazima yawe ya kijivu na laini. Yaliyoungua kwa moto mkali mno hayafanyi kazi, na meusi bado yana mkaa.

Vipimo vyao ni ndoo 1 ya saruji, nusu ndoo ya majivu, ndoo 6 za kifusi na gramu 300 za nyuzi zilizokatwa milimita 20 hadi 30. Nyuzi zikizidi hapo hujisokota mabonge, na kila bonge ni tundu ndani ya tofali. Kifusi hulowekwa usiku kucha na kuchujwa asubuhi, kisije kikanyonya maji ya saruji. Hapo mafundi wako makini kweli.

Ukilipasua kwa nyundo halitengani mara moja, nyuzi hushikilia. Shida iko kwenye uso wa mpasuko: vipande vyeupe vinavyokwaruzika kwa ukucha. Ni jasi ya dari, haikuchambuliwa. Kwa unyevu wa pwani jasi hukorofishana na saruji, tofali likavimba na lipu ikapasuka. Kifusi cha mawe ya matumbawe nacho huja na chumvi, kisafishwe kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kusagwa.

Wanauza likiwa na siku 14, ilhali lenye majivu linahitaji 28, tena limwagiliwe na kufunikwa turubai. Uliza tarehe. Pima uzito wa tofali kavu, loweka saa 24, pima tena: likiongezeka zaidi ya asilimia 15, libaki kuta za ndani. Na popote utakapolijenga, kozi za chini zianze kwa tofali la kawaida, juu yake nailoni ya kuzuia unyevu.