Lenzi ya kununua kwanza kwa mpiga picha wa ndege, maua na kando ya maji

Karibu kila anayeanza kupiga picha za viumbe wa porini huuliza swali moja: lenzi hii inavuta hadi wapi? Nami lenzi yangu ya kwanza niliinunua kwa swali hilohilo, nikajuta. Kando ya maji unaweza kuwa unamvizia mdiria aliyetua juu ya tete, mita 20 mbele yako, mara kereng'ende anatua karibu na goti lako, na pembeni yake kuna yungiyungi lililochanua asubuhi hiyohiyo. Lenzi inayovuta mbali tu itakupa mdiria na kukunyima hao wengine. Ndiyo maana hapa nimepanga vifaa kwa kipimo ambacho wanunuzi wengi hukipita bila kukisoma: lenzi inashika fokasi (yaani inaonyesha kitu kwa ukali) karibu kiasi gani, na ikiwa karibu hivyo inakuza mara ngapi.

Ya kwanza: 100-400 nyepesi inayokubali kusogea karibu

Namba hizi ni milimita za lenzi: zikipanda, inavuta mbali zaidi. Mfano mzuri ni Canon RF 100-400mm f/5.6-8 ya mwaka 2021. Ina gramu 635, kwa hiyo unaibeba shingoni kutwa nzima. Ikivutwa hadi 400 inakuza mara 0.41, yaani kwenye kihisi, bamba la ndani ya kamera linalopokea picha, kitu kinatokea kwa mara 0.41 ya ukubwa wake halisi. Ukiifunga kwenye kamera ya Canon yenye kihisi cha APS-C (kidogo kuliko kile kikubwa kiitwacho fremu kamili), kitu chenye upana wa sentimita 5 na nusu hivi kinajaza picha nzima, na kereng'ende wengi ni wa ukubwa huo au wamezidi kidogo.

Lala kifudifudi, viwiko ardhini, kereng'ende awe mita moja hivi kutoka kwako. Utaona vinyweleo vya miguu yake vilivyoshika unyasi. Utaona mabawa yaliyogawanyika vyumba vidogovidogo, kila kimoja na mpaka wake mweusi, na kile kidoa kilicho karibu na ncha ya kila bawa. Kwa umbali huo kivuli chako hakimfikii na unyasi hautikisiki. Maua nayo ni vivyo hivyo: unabaki kwenye njia bila kukanyaga miche iliyo mbele ya ua unalolitaka, na mandhari ya nyuma inayeyuka kuwa rangi tupu.

Udhaifu wake ni mwanga. Ikifika 400 tundu lake la kupitishia mwanga ni f/8 (namba ikikua, tundu linapungua), na alfajiri, saa ambayo ndege wamechangamka, itabidi upandishe ISO, wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400. Pandisha bila woga. Picha yenye chenga, yaani vidoadoa, inasafishika kwenye kompyuta. Iliyotikisika haina dawa. Ndege aliyetulia mpe shata, muda wa kupokea mwanga, ya 1/500 ya sekunde, anayeruka 1/2000.

Ila usidhani kila 100-400 iko hivyo. Fujifilm XF 100-400mm ni lenzi bora sana kwa ndege, lakini inaishia kukuza mara 0.19. Soma namba hiyo kabla ya kulipa.

Ya pili: kamera yenye lenzi isiyobadilishwa

Kama bado huna kamera kabisa, hii ipandishe iwe ya kwanza. Sony RX10 IV, iliyotoka 2017, inaanzia upana sawa na milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili na kufika sawa na 600, kwa tundu la f/2.4 hadi f/4, yote kwa kilo 1.1. Ikivutwa hadi mwisho bado inashika fokasi kwenye sentimita 72. Ziwa, ua na korongo unawapiga bila kubadilisha lenzi, kwa hiyo vumbi na matone hayapati mlango. Kihisi chake cha inchi 1 ni kama sehemu moja ya saba ya eneo la kihisi cha fremu kamili. Gizani utaona tofauti hiyo.

Watu huvutiwa na Nikon P1000 kwa sababu inafika sawa na milimita 3000. Kwa kazi hii siipendekezi. Kihisi chake ni kidogo mno, ikivutwa hadi mwisho inataka mita 7 ndipo ishike fokasi, na hewa inayochezacheza juu ya maji jua likipanda huvuruga picha ya mbali kiasi hicho kwa kamera yoyote.

Ya tatu: 70-300

Inatosha kwa swala, bata na yangeyange. Ndege wadogo itakuwia vigumu. Iongezee Raynox DCR-250, kilenzi kinachobanwa mbele ya lenzi na hakili mwanga, uone wadudu upya.

Ya nne: 150-600 na ndugu zake

Nikon Z 180-600mm inapita kilo 2, na kwenye 600 inataka mita 2.4. Kama moyo wako uko kwa ndege pekee, chukua hii na uache niliyoyasema juu. Canon RF 800mm f/11 ni nyepesi kuliko hiyo, lakini fokasi yake inaanzia mita 6. Kereng'ende wa gotini msahau.

Lenzi ya makro, yaani ya kukuzia vitu vidogo sana, ya milimita 100 ni nzuri mno, ila maua mengi ya porini hayahitaji ukuzaji wote huo. Ingoje.

Kwa mandhari ya maji, lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera inatosha. Pesa iende kwenye filta ya polaraiza. Yatazame maji kupitia filta hiyo kwa mwinamo wa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake, kisha uizungushe taratibu: mng'ao unaondoka na mawe ya chini yanajitokeza. Inakula nusu hadi robo tatu ya mwanga, kwa hiyo shikilia kamera imara. Ukiwa unapiga taswira ya miti majini, ivue, maana itaifuta taswira yenyewe.

Ukinunua lenzi iliyotumika, nenda na tochi. Fungua tundu lote, mulika upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Lenzi moja niliyouziwa ilionekana safi dukani. Nilipoimulika nyumbani nikakuta nyuzi kama za utando wa buibui zimetambaa kwenye kioo cha ndani. Ile ni kuvu, na ikishaula utandazo wa kioo, kusafisha hakurudishi kilicholiwa. Yako ukirudi nayo kutoka majini, ifute, iache ikauke wazi, ndipo uifungie kwenye mkoba wenye vipakiti vya silika.